Matangazo ya Bure ya Junior Grand Prix: Tathmini ya Mtazamaji wa Mbeya Anayefuatilia Jozi za Ukraine

Tathmini hii inahusu huduma isiyo na duka wala kaunta. Ni matangazo ya moja kwa moja ya mashindano ya vijana ya kuteleza kwa madoido kwenye barafu, yaitwayo Junior Grand Prix, ambayo Umoja wa Kimataifa wa Kuteleza kwenye Barafu, ujulikanao kwa kifupi kama ISU, huyarusha bure kupitia YouTube, pamoja na karatasi za alama ambazo umoja huo huziweka wazi baada ya kila shindano. Nimeitumia huduma hii kwa misimu kadhaa nikiwa hapa Mbeya, kwanza kwa simu yangu na baadaye katika banda moja la kuonyesha mpira huko Mwanjelwa, na nimeitumia kwa shabaha moja, yaani kuwafuatilia wachezaji vijana wa Ukraine katika mchezo wa wawili-wawili. Kwa hiyo ninaipima kwa swali moja: je, mtu aliye mbali, asiye na uwanja wa barafu katika nchi yake wala king'amuzi cha gharama kubwa, anaweza kuiona safari ya mchezaji tangu pale anapokuwa hajulikani na nafasi yake iko mkiani mwa orodha?

Swali hilo sikulibuni mimi. Lilitoka kwa mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili na alikaa kwangu Soweto, hapa hapa Mbeya, ili awe karibu na shule. Jioni moja tulikuwa tukitazama programu ndefu ya wawili-wawili, yaani sehemu ya pili ya shindano inayofuata programu fupi, akaiona jozi ya kwanza ikiingia uwanjani huku sehemu kubwa ya viti ikiwa haina watu, akaniuliza, “Mjomba, mbona hawa wanacheza watu hawajafika?” Nikamweleza kwamba katika programu ndefu mpangilio hufuata matokeo ya programu fupi kwa kugeuzwa: aliyeshika nafasi ya mwisho huanza, na anayeongoza humaliza. Watazamaji wanaokuja kwa ajili ya medali hufika kwa kuchelewa, na televisheni nyingi zinapopewa muda mfupi huonyesha kundi la mwisho pekee. Jozi inayotoka katika nchi yenye wachezaji wachache wa aina hii mara nyingi huwa imekwisha kucheza, kuinama na kuondoka kabla mtazamaji wa kawaida hajaketi. Nilipoyasema hayo kwa sauti ndipo nilipotambua kwamba huduma yoyote ya kutazama mchezo huu ina thamani kwangu ikiwa tu inaanza mwanzoni kabisa.

Matangazo ya Junior Grand Prix yanaanza mwanzoni. Mtazamaji huliona kundi la kwanza likipasha mwili joto, humwona kila mchezaji akisubiri jina lake litangazwe, na hubaki naye hadi anapoketi na kocha wake kusubiri alama. Hakuna kinachokatwa kwa ajili ya mazungumzo ya studio. Kwa miaka mingi sauti iliyotuongoza ilikuwa ya Ted Barton wa Kanada, mtu aliyeshiriki katika kuunda mfumo wa sasa wa alama, na ambaye ana tabia ninayoithamini sana: humweleza mtoto aliyeshika nafasi ya 15 kwa uangalifu uleule anaomweleza anayeongoza. Mruko ukiharibika husema umeharibikia wapi, kama ni bega lililotangulia kugeuka au ni uzito uliobaki nyuma, bila kumdhalilisha aliyeanguka. Mimi hufundisha michezo shuleni, na nimejifunza kwake namna ya kumsahihisha mwanafunzi mbele ya wenzake.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo wa wawili-wawili, napenda kueleza kidogo, kwa kuwa bila maelezo hayo huduma hii inaweza kumchosha baada ya dakika kumi. Mwanamume na mwanamke hucheza pamoja juu ya barafu yenye urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Programu fupi huchukua dakika 2 na sekunde 40, na programu ndefu ya vijana huchukua dakika 3 na nusu, ikiruhusiwa kuzidi au kupungua kwa sekunde 10. Ndani ya muda huo mwanamume humnyanyua mwenzake juu ya kichwa huku akiendelea kuteleza na kuzunguka. Humrusha juu ajizungushe hewani kisha humdaka kiunoni kabla hajagusa barafu. Humtupa mbele kwa nguvu naye huruka, huzunguka na kutua peke yake kwa mguu mmoja. Kuna kipengele ambacho mwanamke hulala karibu kabisa na barafu, nywele zake zikikaribia kuifagia, huku mwanamume akiwa amesimama kama mhimili na kumshika kwa mkono mmoja. Pia wote wawili hutakiwa kuruka mruko uleule kwa wakati uleule, kila mmoja peke yake, bega kwa bega.

Kipengele hiki cha mwisho kina kanuni inayoeleza mchezo mzima: mmoja akizunguka mara tatu na mwenzake akazunguka mara mbili, unaohesabiwa ni mruko wa aliyezunguka mara chache. Nilipoisoma kanuni hiyo nilimkumbuka marehemu baba yangu, aliyechana mbao kule Mufindi kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja akiwa juu ya gogo na mwingine chini ya jukwaa. Wa juu huuona mstari. Wa chini hupokea vumbi usoni na hulazimika kuuamini mkono wa mwenzake. Ubao hutoka na unyoofu wa yule aliyekosea, hata kama mwenzake hakukosea hata kidogo, na mchana mbao aliyempoteza mwenzake aliyemzoea huanza upya karibu kila kitu. Katika mchezo wa wawili-wawili pia, mchezaji hodari akikosa mwenzi, au mwenzi akiumia, msimu wake umekwisha.

Nilianza kuwafuatilia Waukraine mwaka 2022. Katika Olimpiki ya Beijing, Sofiia Holichenko na Artem Darenskyi waliiwakilisha nchi yao katika mashindano ya timu yaliyoanza tarehe 4 Februari, na tena katika mashindano ya wawili-wawili yaliyofanyika tarehe 18 na 19. Timu ya Ukraine iliingia ikiwa na pengo, kwa sababu Ivan Shmuratko, mchezaji wao wa kiume wa peke yake, alikutwa na maambukizi ya korona na hakuweza kucheza siku ya timu. Holichenko na Darenskyi walikuwa jozi changa kati ya jozi zilizokuwa zimecheza pamoja kwa miaka mingi, na dhahabu ilikwenda kwa wenyeji, Sui Wenjing na Han Cong, kwa tofauti ya alama 0.63 tu. Magazeti yote yaliandika habari za tofauti hiyo. Siku tano baada ya shindano hilo kumalizika, yaani tarehe 24 Februari, majeshi ya Urusi yakaivamia Ukraine.

Mwezi mmoja baadaye kulikuwa na Mashindano ya Dunia huko Montpellier, Ufaransa. Urusi na Belarusi zilikuwa zimekwisha kuzuiwa na ISU. Wachezaji wa Ukraine walifika wakiwa wametoka katika nchi iliyo vitani. Shmuratko alicheza akiwa amevaa fulana ya mazoezi badala ya vazi la onyesho, na Holichenko na Darenskyi waliicheza programu yao fupi kisha wakajitoa kabla ya programu ndefu. Mashindano hayo ni ya wakubwa na hayamo katika matangazo ninayoyatathmini hapa, kwa hiyo sikuyaona moja kwa moja. Niliyaona kupitia ukurasa wa matokeo, ambako mbele ya majina yao paliandikwa herufi mbili, WD, maana yake wamejitoa.

Herufi hizo mbili zilinikalisha kimya kwa muda mrefu. Karatasi ya matokeo huandika WD kwa aliyeteguka kifundo cha mguu, kwa aliyeshikwa na homa, na kwa aliyeacha nyumba yake ikipigwa mabomu. Siilaumu karatasi, kwa maana kazi yake ni kurekodi kilichotokea juu ya barafu. Lakini anayetaka kuielewa safari ya mchezaji hawezi kutosheka na jedwali, na hapo ndipo nilipoamua kuanza kuwatazama vijana wa nchi hiyo tangu chini, katika matangazo haya, ili jina likifika katika jedwali la wakubwa niwe nimekwisha kuiona sura yake ikitabasamu au ikilia kwenye benchi la kusubiri alama.

Katika msimu wa 2022–23 waliokuwepo ni Violetta Sierova na Ivan Khobta. Kwa kanuni za msimu ule, mchezaji wa vijana alitakiwa awe amefikisha miaka 13 na hajafikisha 19, isipokuwa wanaume wa wawili-wawili na wa densi ya barafuni, ambao waliruhusiwa hadi kabla ya kufikisha miaka 21. Katika wawili-wawili tofauti hiyo inaeleweka, kwa sababu kumnyanyua mtu juu ya kichwa huku unateleza huhitaji mwili uliokomaa. Niliwatazama kwenye simu, nikiwa nimeipunguza picha ili kifurushi kisiishe, na bado niliweza kuona jambo ambalo jedwali haliwezi kuonyesha: namna mmoja anavyoutafuta mkono wa mwenzake bila kutazama. Katika jozi changa mkono hutafutwa kwa macho kwanza, na katika jozi iliyozoeana mkono hufika wenyewe. Kila aliyeujua msumeno wa watu wawili ataliona hilo hata katika picha yenye ukungu.

Kuhusu matumizi ya kawaida ya huduma, kuna mambo ambayo mkazi wa huku anapaswa kuyajua. Mashindano yanayofanyika Ulaya ya kati mwezi Septemba hutufaa sana, kwa kuwa saa zetu ziko mbele yao kwa saa moja tu; shindano linaloanza saa tisa alasiri kwao huanza saa kumi jioni kwetu, wakati wanafunzi wamekwisha kutoka darasani. Yanayofanyika Japani huanguka asubuhi, na yanayofanyika Kanada huingia usiku wa manane, na kwa hayo nimeacha kujitesa, kwani rekodi hubaki na mtu anaweza kuitazama kesho yake. Si kila shindano katika mzunguko huu wa mashindano huwa na wawili-wawili, kwa hiyo ni busara kuisoma ratiba kabla ya kununua kifurushi. Kwa simu yangu, saa moja ya picha ya kiwango cha kati ilikula karibu nusu ya gigabaiti. Anayetaka kutazama programu fupi na ndefu za wawili-wawili pekee hana sababu ya kuacha matangazo yakiendelea wakati wa mapumziko ya kulainisha barafu, ambapo gari maalumu huzunguka uwanjani taratibu na hakuna la kuona.

Mtandao wenyewe ndio uliotutia majaribuni. Msimu wa kwanza kampuni niliyokuwa nikitumia ilikatika mara kwa mara jioni, na mara mbili picha iliganda mwanamke akiwa hewani, ametupwa tayari lakini hajatua. Mpwa wangu alikuwa akishika mashavu kwa mikono miwili hadi picha irudi. Kosa hilo si la matangazo, na nilipobadilisha laini tatizo lilipungua sana, ingawa siku za mvua kubwa linarudi.

Hatua iliyobadilisha kila kitu ni banda. Mwenye banda tunalolitumia Mwanjelwa huonyesha ligi za Ulaya na michezo ya ligi yetu, na siku za katikati ya wiki televisheni yake kubwa hukaa bure hadi usiku. Nilipomwomba atuazime kwa saa mbili alinitazama kwa mshangao na kusema, “Mwalimu, hao wa kwenye barafu watalipa umeme?” Tukakubaliana kiingilio cha shilingi mia tano kwa mtu mzima na wanafunzi waingie bure wakiwa na sare, kifurushi kikiwa juu yangu. Siku ya kwanza tulikuwa watu saba. Katika skrini kubwa niliona yale ambayo simu ilikuwa imenificha: alama za makali ya kiatu zikichorwa juu ya barafu kama njia za jembe la ng'ombe, na vidole vya mwanamume vikikaza dakika ileile anapomweka mwenzake chini. Mpiga kamera wa matangazo haya mara nyingi huonyesha mwili mzima, miguu ikiwemo, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mchezo huu huamuliwa na miguu.

Watu wa nyanda hizi hawahitaji kuelezwa barafu ni nini kama wanavyohitaji watu wa pwani. Sisi tunaijua sakitu ya Juni na Julai inayochoma viazi kule Uporoto na Makete, tunajua sauti ya majani yaliyoganda yakikanyagwa alfajiri. Mzee mmoja aliyekuja kutazama alisema kwamba yeye maisha yake yote ameiona barafu kama adui wa shamba, na hakuwahi kudhani mtu anaweza kuifanya uwanja wa kucheza. Alirudi wiki iliyofuata na mkewe.

Sauti ya matangazo ni ya Kiingereza, na banda lina watu wasioifuata. Tulijaribu kuizima na kubaki na muziki, lakini muziki na maelezo huja pamoja. Mwishowe mimi na mpwa wangu tumekuwa tukieleza kwa zamu, yeye vipengele na mimi alama. Natamani siku moja ISU, au kituo chochote cha Kiswahili kitakachopewa ruhusa, kiweke maelezo kwa lugha yetu, kwani msamiati wa kuanzia tunao: kunyanyua, kurusha, kudaka, kutua, kuzunguka.

Sasa nifike kwenye karatasi za alama, ambazo kwa maoni yangu ndizo nusu bora ya huduma hii na ndizo zinazotumiwa kidogo zaidi. Baada ya kila shindano huwekwa faili linaloonyesha kila kipengele alichokifanya kila mchezaji na alama aliyopewa na kila jaji. Safu ya kwanza ina vifupisho vinavyotisha kwa mara ya kwanza, lakini vinasomeka baada ya siku mbili. Katika miruko, kurushwa na kutupwa, tarakimu ya mwanzo huonyesha mizunguko; Tw ni kurushwa juu na kudakwa, Th ni kutupwa, Li ni kunyanyuliwa, Ds ni ule mzunguko wa kulala karibu na barafu, na tarakimu ya mwisho, hadi 4, ni kiwango cha ugumu. Hufuata thamani ya msingi, kisha safu za majaji, wasiozidi tisa, kila mmoja akiwa ametoa kati ya −5 na +5. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa huondolewa, zinazobaki hutafutiwa wastani, na kila hatua moja ni asilimia 10 ya thamani ya msingi. Kipengele chenye thamani ya 5.0 kilichopata wastani wa +2 huwa 6.0, kilichopata −2 huwa 4.0. Kuanzia msimu wa 2022–23 alama za usanii na ustadi wa kuteleza zimepangwa katika mafungu matatu badala ya matano ya zamani. Mmoja akianguka hukatwa alama moja, na wakianguka wote wawili hukatwa mbili.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu karatasi hizi humpa mtazamaji wa mbali haki ambayo hata aliye uwanjani hana. Tunapowatazama Waukraine, mpwa wangu huandika katika daftari makadirio yake, kisha kesho yake hulinganisha na majaji. Mara nyingi hutofautiana nao katika kutua kwa mruko wa kutupwa, kwa kuwa yeye husamehe mguu unaotikisika na wao hawasamehi. Kwa kufuata safu moja tu, ile ya kurushwa na kudakwa, kutoka shindano la kwanza la msimu hadi la mwisho, mtu anaweza kuona jozi ikipanda kutoka kiwango cha 1 hadi cha 2, kisha cha 3, na akajua kwamba kati ya Septemba na Machi watu wawili walirudia tendo moja mara nyingi mno mahali fulani, labda katika nchi isiyo yao. Hakuna taarifa ya habari itakayotangaza kupanda kutoka kiwango cha 2 hadi cha 3.

Huduma hii ina mpaka, na mtumiaji aujue mapema. Mashindano ya wakubwa huuzwa kwa vituo vya nchi mbalimbali, na kinachopatikana hapa kwetu hubadilika. Mchezaji anapovuka kwenda kwa wakubwa, mara nyingi sisi tunabaki na karatasi pekee. Hata hivyo, uamuzi uliofanywa katika mkutano mkuu wa ISU huko Phuket mwezi Juni 2022 umetusaidia bila kukusudia. Umri wa chini wa kuingia kwa wakubwa umepandishwa kwa hatua kutoka miaka 15 hadi 17, ukikamilika msimu wa 2024–25. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya ya watoto, nami naikubali kwa moyo wote. Matokeo yake kwa mtazamaji wa banda ni kwamba msichana ambaye zamani angetutoka akiwa na miaka 15 sasa hubaki katika matangazo ya bure kwa miaka miwili zaidi, na hiyo ndiyo miaka ambayo jozi hujengwa.

Ningependa huduma kama hii ingekuwepo mwaka 2000. Mwaka huo Aljona Savchenko, mzaliwa wa Obukhiv karibu na Kyiv, alishinda ubingwa wa dunia wa vijana akiwa na Stanislav Morozov, akiwa na umri wa miaka 16, akiichezea Ukraine. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Salt Lake City, jozi hiyo ilishika nafasi ya 15, yaani miongoni mwa wale wanaocheza mapema. Akahamia Ujerumani mwaka 2003, akapata mwenzi mpya, Robin Szolkowy, wakatwaa ubingwa wa dunia mara tano na shaba mbili za Olimpiki. Kisha akaanza upya tena na Bruno Massot, na mwaka 2018 huko PyeongChang, ikiwa Olimpiki yake ya tano na akiwa na miaka 34, walipanda kutoka nafasi ya nne hadi dhahabu kwa programu ndefu ya alama 159.31, rekodi ya wakati ule. Morozov naye alicheza na Tatiana Volosozhar, Muukraine mwingine, ambaye hatimaye alishinda dhahabu ya Sochi mwaka 2014 akiichezea Urusi pamoja na Maxim Trankov. Dunia iliwaona wanawake hao wawili wakiwa juu ya jukwaa chini ya bendera nyingine. Miaka yao ya ujana nyumbani, ambayo ndiyo iliyowafundisha kuutafuta mkono bila kutazama, waliiona wachache waliokuwa kwenye viti.

Kuna jina jingine ambalo sikuweza kulitamka vizuri mbele ya watu wa banda bila kunyamaza kwanza. Dmytro Sharpar aliiwakilisha Ukraine katika mchezo wa wawili-wawili pamoja na Anastasiia Pobizhenko kwenye Olimpiki ya Vijana ya Lillehammer mwaka 2016. Januari 2023 aliuawa vitani karibu na Bakhmut akiwa na umri wa miaka 25. Safari yake ya mashindano ilikuwa fupi na haikufika kwenye kundi la mwisho la Mashindano ya Dunia. Mtu anayetegemea muhtasari wa medali hangejua kamwe kwamba kijana huyo aliwahi kumnyanyua mwenzake juu ya kichwa mbele ya majaji na kumrudisha chini salama. Ninapoulizwa kwa nini nawalazimisha watu kutazama tangu jozi ya kwanza, humtaja yeye.

Kwa upande wa gharama, nimetumia wastani wa vifurushi viwili vya wiki kwa kila shindano ninalolitazama lote, na kiingilio cha banda sasa kinarudisha karibu nusu yake. Kwa picha, ukamilifu na karatasi za alama naipa huduma hii alama za juu kabisa ninazoweza kutoa. Kwa lugha naipa chini ya nusu. Kwa mtu anayetaka kuona medali tu, sidhani itamfaa. Ni ndefu, na kuna jioni ambazo kila jozi huanguka.

Mzunguko huanza mwezi Agosti. Mwenye banda ametupatia Alhamisi na Ijumaa, kuanzia saa kumi jioni hadi mpira wa usiku utakapoanza, na ameongeza mabenchi mawili. Programu fupi ya wawili-wawili tutaitazama yote kuanzia jozi ya kwanza, kwa hiyo atakayependa kujiunga nasi awahi, na aje na koti zito, kwa kuwa kuta ni za mabati matupu na Agosti ya Mbeya bado ina baridi.